Vikao vya Maoni ya Umma kuhusu Dawa za Shamba na Mifugo: Tathmini kutoka Nakuru na Kisumu

Kikao cha kutoa maoni kuhusu kanuni za viuatilifu na dawa za mifugo hakina kiingilio, lakini kina gharama. Mkulima wa Njoro, Molo au Bahati anayekwenda Nakuru mjini kusikiliza rasimu ikisomwa analipa nauli ya kwenda na kurudi, anaacha kazi ya siku nzima, na ikiwa anafuga ng'ombe wa maziwa inambidi atafute mtu wa kumkamia jioni. Ndiyo maana nimeona vyema huduma hii ipimwe kama zinavyopimwa huduma nyingine: tangazo lilitufikiaje, karatasi tulizopewa zilisomeka au hazikusomeka, waliotumwa kutusikiliza walisikiliza nini hasa, na baada ya hapo tulirudishiwa nini. Nilihudhuria kikao cha Nakuru, kisha nikaketi katika cha Kisumu nilipokuwa huko kwa shughuli nyingine. Waandaaji siwataji, kwa kuwa ninachopima ni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, na kwa maelezo ya wakulima wenzangu wa kaunti za jirani, hali haitofautiani sana kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine.

Kuitwa kutoa maoni si hisani ya afisa yeyote. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na sheria ya mwaka wa 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni inamtaka mtunzi awashauri kwanza wale watakaoguswa nazo. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ambayo kampuni ya BAT ilikuwa ikipinga kanuni za tumbaku, ilisema wazi kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli na usiwe wa kutimiza utaratibu tu, na kwamba wananchi wanapaswa kuelezwa vya kutosha jambo wanaloulizwa. Kipimo ninachokitumia katika tathmini hii ni hicho hicho.

Tangazo la kikao cha Nakuru lilitolewa gazetini na kwenye tovuti. Wenye maduka ya agroveti waliandikiwa barua moja kwa moja kwa sababu majina yao yamo katika orodha ya leseni, na wengi wetu katika ushirika tulipata habari kwa muuzaji wa dawa, siyo kwa chifu wala kwa afisa wa kilimo wa wadi. Simlaumu muuzaji, bali namshukuru; lakini ni ajabu kidogo kwamba mnunuzi wa dawa aitwe kwenye mjadala wa dawa na yule anayemuuzia. Vyama vya ushirika vya maziwa vina namba za simu za wanachama wao wote, na malipo hutumwa kwa simu kila mwezi. Ujumbe mfupi kupitia njia hiyo ungewafikia watu wengi zaidi ya tangazo la gazeti ambalo huku kwetu husomwa hotelini na kuachwa hapo hapo.

Rasimu yenyewe ilikuwa ndefu, imepangwa kwa vifungu, na ilikuwa kwa Kiingereza pekee. Ilihusu leseni za wauzaji wa rejareja, ukusanyaji wa makopo matupu, na masharti ya kuuza bidhaa zenye sumu kali. Muhtasari wa Kiswahili haukuwepo, ingawa Ibara ya 7 ya Katiba inazihesabu lugha zote mbili kuwa rasmi, na mtoa mada alilazimika kutafsiri papo kwa papo, jambo alilolifanya kwa ustadi hadi alipofika kwenye viambatisho. Hapo alisema tu kwamba ni mambo ya kiufundi na akavuka, ilhali viambatisho ndivyo vilivyokuwa na orodha ya bidhaa.

Kuhusu ukumbi sina malalamiko. Ulikuwa karibu na kituo cha matatu, viti vilitosha, kipaza sauti kilifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na chai ilikuwa na maziwa ya kweli. Kikao kilianza kwa kuchelewa, kama vikao vyote, na hotuba za ufunguzi zilikula muda ambao baadaye ulikuja kukosekana.

Mpangilio wa watu ukumbini ulikuwa na maana kuliko mpangilio wa viti. Safu za mbele zilikaliwa na waagizaji na wasambazaji wa dawa, mameneja wa mashamba ya maua kutoka upande wa Naivasha, na maafisa wa mashirika ya kiraia. Wenye maduka walikuwa katikati, na sisi wenye ekari mbili au tatu tulijaza nyuma. Waliokaa mbele walikuja wameisoma rasimu, wana vifungu vilivyopigwa mistari, na walizungumza kwa ufupi na kwa hoja. Hilo ni haki yao, na baadhi ya waliyoyasema yalikuwa ya maana. Msambazaji mmoja alieleza kwamba ukimdai kila mwenye duka dogo awe na mtaalamu mwenye diploma, kaunta nzima ya kijijini itafungwa, na dawa itahamia kwa mchuuzi wa sokoni asiye na leseni yoyote, ambaye hupimia watu katika chupa za soda. Mwakilishi wa shirika la kiraia naye alikumbusha kwamba paraquat, dawa ya kuua magugu, haijaruhusiwa katika Umoja wa Ulaya tangu mwaka wa 2007, na kwamba mwaka wa 2019 Gladys Shollei, wakati huo Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka ombi Bungeni akitaka viuatilifu hatari viondolewe sokoni. Mjadala ukawa kati ya pande hizo mbili, mmoja akisema "ondoeni" na mwingine akisema "mtaua kilimo", na kwa muda mrefu hakuna aliyemwuliza mkulima chochote.

Jambo lililonifanya niandike tathmini hii lilitokea mchana, baada ya mapumziko. Mzee mmoja wa Mau Narok alikuwa amekuja na kijana anayempigia dawa shambani, kibarua ambaye kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kubeba pampu mgongoni kutoka shamba moja la viazi hadi jingine msimu mzima. Kijana huyo alipewa kipaza sauti. Akasema anapima dawa kwa kizibo cha chupa ya soda kwa sababu kikombe cha kupimia kinachokuja na chupa hubaki kwa mwenye shamba. Akasema mvua ikinyesha mfululizo na ukungu wa viazi ukatishia, huchanganya katika tangi moja dawa ya ukungu, dawa ya wadudu na mbolea ya majani, ili asirudie shamba mara mbili, maana analipwa kwa tangi wala si kwa siku. Akasema huvaa mabuti lakini glavu huzivua, kwa kuwa nozeli ikiziba huwezi kuifungua na glavu, na ikiziba zaidi huipuliza kwa mdomo. Aliyasema haya bila kulalamika, kama mtu anayeeleza kazi yake. Karani aliyekuwa akiandika maoni alimsikiliza kwa adabu, kalamu ikiwa juu ya karatasi, kisha akamwuliza: "Hayo ni ya kifungu cha ngapi?" Kijana hakujua. Kalamu haikuandika.

Fomu aliyokuwa akiijaza karani ilikuwa na safu nne: kifungu, maoni, pendekezo la marekebisho, na sababu. Ni fomu nzuri kwa wakili. Kwa kijana yule haikuwa na mahali pa kuweka alichokuja nacho, na nadhani alikuja na habari muhimu kuliko zote zilizotolewa siku hiyo. Nitaeleza kwa nini.

Dawa ya shamba haisajiliwi kwa kuangaliwa sumu yake peke yake. Mdhibiti hukadiria pia ni kiasi gani kitamgusa mpuliziaji, kitabaki kwenye zao na kitaingia kwenye maji, na makadirio hayo husimama juu ya masharti yaliyoandikwa kwenye lebo: kipimo fulani kwa lita fulani, mavazi fulani ya kujikinga, siku fulani za kusubiri kabla ya kuvuna. Ukanda wa rangi ulio chini ya lebo, kuanzia mwekundu wa sumu kali zaidi, kisha wa njano, wa buluu, hadi wa kijani, huonyesha daraja la sumu ya bidhaa iliyomo chupani, lakini hauwezi kueleza kinachotokea bidhaa tatu zinapokutana katika tangi moja mgongoni mwa mtu asiye na glavu. Ikiwa masharti ya lebo hayafuatwi huko Mau Narok, na hayafuatwi kwa sababu zinazoeleweka kabisa, basi uamuzi uliojengwa juu yake umekosa msingi kwa upande huo, hata kama hesabu zake za maabara ni sahihi. Mwenye kujua hilo si profesa wala mwagizaji. Ni mpuliziaji, na baada yake ni mwenye duka anayeona nani ananunua nini pamoja na nini.

Kwa hiyo kosa kubwa la huduma hii, kwa maoni yangu, ni swali lenyewe linaloulizwa. Wakulima tunaulizwa tunaonaje kuhusu rasimu ambayo wengi wetu tumeiona asubuhi hiyo, na tunajibu kama watu wote wanaoulizwa ghafla: tunaunga mkono, tunapinga, au tunaomba bei ipunguzwe. Tungeulizwa unapuliza nini, mara ngapi, kwa kipimo gani, nani anapuliza, na kopo tupu linaishia wapi, kila aliyekaa safu za nyuma angekuwa shahidi, na mdhibiti angerudi ofisini na ushahidi ambao hakuna mwagizaji anayeweza kumpa.

Si kwamba jambo hili halijulikani duniani. Nchini Australia mdhibiti wa dawa za kilimo na mifugo, APVMA, ambaye makao yake yako katika mji wa Armidale, mbali na jiji kuu, hutoa kwa umma muhtasari wa tathmini yake kabla ya kukubali kiambato kipya, yaani kemikali inayofanya kazi ndani ya dawa, na huacha siku 28 za kupokea hoja. Anapokusudia kubadili masharti ya dawa ya zamani au kuiondoa, hutangaza uamuzi anaoukusudia pamoja na sababu zake za kisayansi, kisha hungoja miezi mitatu. Kinachonivutia ni aina ya majibu anayoyataka: dawa hutumikaje katika zao fulani, kuna mbadala gani, mabaki yake yataathiri vipi biashara ya kuuza nje. Dawa ya wadudu ya chlorpyrifos, ambayo sisi pia tunaifahamu vizuri, ilitangaziwa huko uamuzi uliokusudiwa mwaka wa 2023, na mwaka wa 2024 matumizi yake mengi ya kilimo yakafutwa. Kwa haki niseme pia: mapitio ya dawa hiyo yalikuwa yameanza mwaka wa 1996. Mashauriano mazuri hayazuii uamuzi kuzeeka mezani, na atakayetusifia Australia bila kutaja miaka hiyo 28 hajatueleza yote.

Suala la mabaki na biashara si la Waaustralia pekee. Mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa mishiri, yaani maharagwe mabichi, kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dimethoate, dawa ya wadudu, na waliopoteza soko wa kwanza walikuwa wakulima wadogo, kwa kuwa wanunuzi waliona ni nafuu kununua kwa mashamba makubwa yenye rekodi za kupuliza. Huko ukumbini Nakuru mishiri haikutajwa kabisa. Nilitarajia angalau mameneja wa maua waitaje.

Upande wa mifugo ulishughulikiwa vibaya zaidi, na hapa nasema kama mfugaji. Mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami alieleza kwamba maziwa yake yalirudishwa na ushirika kwa kuwa yalikutwa na mabaki ya dawa, baada ya ng'ombe wake kutibiwa ugonjwa wa kiwele, na kwamba aliyemdunga hakumwambia asubiri siku ngapi kabla ya kupeleka maziwa. Alitaka kanuni zimlazimishe anayetibu aandike siku hizo kwenye karatasi na kumwachia mfugaji. Ni pendekezo zuri, fupi, linalotekelezeka bila gharama. Alijibiwa kwamba dawa za sindano ni za ofisi nyingine, kikao hicho ni cha viuatilifu, ingawa tangazo lilitaja dawa za mifugo kwa maandishi makubwa.

Kisheria jibu hilo lina mantiki yake. Bodi ya PCPB (Pest Control Products Board) iliundwa chini ya sheria ya mwaka wa 1982 kusimamia viuatilifu, na husajili pia dawa za kuogeshea mifugo kwa sababu kupe ni mdudu kama viwavi. Dawa za kutibu ziko chini ya kurugenzi ya VMD (Veterinary Medicines Directorate), ambayo kanuni zake ni za mwaka wa 2015. Lakini ng'ombe ni mmoja. Asubuhi anaogeshwa kwa amitraz, mchana anadungwa sindano, jioni anakamwa, na anayekunywa maziwa hana njia ya kujua kila tone limetoka kwenye ofisi gani. Wakiitisha vikao kuhusu dawa za mifugo, ofisi zote mbili ziwe mezani, au tangazo liseme wazi ni dawa zipi zitakazozungumziwa ili mtu asipoteze nauli.

Kupe nao walistahili muda zaidi. Majosho ya jamii yalipodorora, kila mfugaji alijinunulia pampu yake na kuanza kuogesha nyumbani, na tangu hapo kipimo kimekuwa cha kila mtu na mkono wake. Anayeona kupe hawafi huongeza dawa. Mwingine, kwa kubana matumizi, huongeza maji. Kuongeza maji ndiko hasa kunakowazoesha kupe dawa, hadi siku ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, inapoingia zizini na dawa ya dukani haifui dafu. Hili lilisemwa na mfugaji mmoja wa Rongai kwa sentensi mbili, likapigiwa makofi, na tukaendelea na kifungu kilichofuata.

Kikao cha Kisumu kilikuwa kidogo na, kwa vipimo vyangu, bora zaidi. Baada ya rasimu kuelezwa kwa ufupi, watu waligawanywa kwa kazi zao: wa mpunga kutoka Ahero, wa miwa kutoka upande wa Muhoroni na Chemelil, wa mboga, wa mifugo, na wa samaki. Kila kundi lilipewa mwezeshaji mmoja na karatasi kubwa ukutani, na mwezeshaji wa kundi nililoketi nalo, la samaki, hakuanza na vifungu. Alianza kwa kuuliza maji ya Nyando hubadilika lini katika mwaka, na nani amewahi kuona samaki wakielea. Majibu yalichukua muda wote uliobaki, na karatasi ilijaa pande mbili.

Wazee wa ziwa walikuwa na sababu ya kuja wengi. Wanakumbuka mwaka wa 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kufuatia habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu za shambani kuulia samaki, na viwanda vya kukata minofu vya Kisumu vikapunguza watu. Mmoja wao alisema jambo ambalo sikulisikia Nakuru: kwamba sumu ile ilinunuliwa dukani kihalali, kwa jina la zao fulani, na hakuna aliyemwuliza mnunuzi ana shamba gani. Kutoka hapo mazungumzo yakaenda Bunyala, kule Busia, ambako watafiti waliandika kwa miaka jinsi carbofuran, sumu ya wadudu, ilivyokuwa ikiwekwa kwenye konokono ili kuua ndege wa mashamba ya mpunga, na ndege hao wakauzwa kama nyama. Kampuni ya FMC ya Marekani iliiondoa Furadan, jina la dukani la carbofuran yake, nchini mwaka wa 2009, baada ya habari za simba kuuawa kwa sumu hiyo kuenea, na mwaka wa 2017 carbofuran ikaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaohusu biashara ya kimataifa ya kemikali hatari. Mzee aliyekuwa akizungumza alihesabu kwa vidole: simba walitajwa, ndege wakatajwa, na mtu aliyekula ndege hakutajwa popote.

Kutokana na mazungumzo hayo kundi lilitoa pendekezo moja tu, kwamba bidhaa za daraja la juu la sumu ziuzwe kwa kuandikishwa jina la mnunuzi, zao na ukubwa wa shamba katika daftari linaloweza kukaguliwa. Mwezeshaji ndiye aliyetafuta kifungu kinachohusika na kukiandika pembeni. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Mwananchi alitoa anachokijua, na kazi ya kukigeuza kuwa lugha ya kanuni ikafanywa na anayelipwa kuifanya.

Kisumu nako hakukukosa dosari. Kundi la miwa lilitawaliwa na watu wa viwanda, na wakulima wa nje, yaani wanaolima miwa kwenye mashamba yao na kuviuzia viwanda, walizungumza mwishoni kabisa. Hapakuwa na hata mpuliziaji mmoja wa kukodiwa, labda kwa sababu siku ya kikao ilikuwa siku ya kazi na kibarua hawezi kukosa ujira ili aketi ukumbini. Nauli ilirudishwa kwa waliokuwa katika orodha ya walioalikwa, na orodha hiyo iliandikwa kabla. Wengine walikuja kwa gharama zao na kuondoka hivyo hivyo.

Nikiwapa alama, Nakuru napatia nyota mbili kati ya tano, na moja ya hizo ni ya ukumbi na chai. Kisumu napatia tatu na nusu. Ningeongeza nusu iliyobaki ya nyota ya nne kama karatasi za makundi zingepigwa picha na kupewa waliohudhuria, maana baada ya kikao zilikunjwa na kutiwa garini, na hakuna mwanakundi aliyebaki na nakala.

Kwa vyovyote vile, ushauri wangu kwa mkulima au mfugaji ni kwamba kwenda kunafaa, kwa sharti kwamba uende umejiandaa tofauti na tulivyozoea. Usijisumbue kuisoma rasimu yote. Chukua chupa au pakiti za dawa ulizotumia msimu uliopita, hata kama ni tupu, kwa sababu lebo ina jina la kiambato na namba ya usajili, na ukiishika mkononi hakuna atakayekuambia hujui unachozungumzia. Andika kwenye daftari ulipuliza lini, kwa kipimo gani, na ulivuna au kukama baada ya siku ngapi. Ikiwa unamlipa mtu kukupulizia, nenda naye na umlipe siku hiyo kama siku ya kazi. Ukifika, muulize karani mapema maneno yako yataandikwa chini ya kifungu gani, na ikiwa hakuna kifungu, sema wazi kwamba unataka kiongezwe. Maoni ya maandishi hupokelewa pia hadi tarehe iliyotajwa katika tangazo. Yapeleke nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Huduma hii haiishii ukumbini, ingawa ndivyo tulivyozoea kuichukulia. Kanuni zikishachapishwa hupelekwa Bungeni, na sheria ile ya mwaka wa 2013 inataka ziambatane na waraka wa maelezo unaosema ni nani walioshauriwa, walishauriwa kwa njia gani, walisema nini kwa ujumla, na ni mabadiliko gani yaliyofanywa kwa sababu ya maoni yao. Waraka huo ndio risiti yetu, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inampa raia yeyote haki ya kuuomba. Ushirika wetu umekubaliana kuuomba kwa barua kanuni hizi zitakapotoka, na tutakachotafuta kwanza ndani yake ni mpuliziaji wa Mau Narok, mama aliyerudishiwa maziwa, na daftari la wanunuzi lililopendekezwa Kisumu.